Treni mpya haina dirisha la kuuzia asali

WAKAZI wa Itetemia, makao ya zamani ya watemi wa Unyanyembe, wakizungumzia reli ya kisasa hutaja ajira kwanza. Vibarua vya ujenzi hukoma njia ikikamilika. La kuuliza ni nani atauza nini treni zikianza kupita.

Tabora imeshayaona haya. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo wakati wa kiangazi, na wengi walirudi kulima mvua zikikaribia. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya bega ikafa. Mizigo ilikuwepo, ila ilipata mbebaji wa bei nafuu. Wengi wakaenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro kuuza nguvu zile zile.

Safari hii wa kuguswa ni mchuuzi wa asali, karanga na maembe anayengoja behewa lisimame. Treni za umeme zilizoanza Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 hukimbia madirisha yamefungwa. Kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilichosainiwa Desemba 2021, ni cha reli hiyo hiyo.

Faida iko kwenye mizigo. Lakini nani atakodi behewa kwa madebe mawili ya asali? Mwenye madebe mawili atabaki kwa dalali, kwa bei ya dalali. Vyama vya msingi vya tumbaku vinajua kupima, kupanga madaraja na kukusanya. Vianze na asali na karanga sasa, kabla wenye mitaji kutoka mbali hawajafungua maghala yao jirani na stesheni.