Nyumba ya Zakaria



Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tumezoea kuisoma nyumba kabla ya kuisoma kadi ya kliniki. Ukienda kumjulia hali mama aliyejifungua, kabla hujakaa umekwisha kuona kama ndoo ina maji, nani anapika, na kama watoto wanakukimbilia au wanajificha nyuma ya mlango. Mwandishi mzuri wa riwaya naye hufanya hivyo hivyo. Hukuonyesha anapolala mtu, ukamjua kabla hajafungua kinywa.

Adam Shafi aliipa riwaya yake ya mwaka 1978 jina la nyumba kabisa: Kasri ya Mwinyi Fuad. Bwana mwenye mashamba anakaa kasrini, na Kijakazi aliyemtumikia umri wake wote anakaa kibandani. Yanapokuja Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, mwenzetu huyu anachukua muda mrefu kuamini kwamba amekuwa mtu huru. Kibanda kilikuwa kimekwisha kuingia moyoni mwake.

Lakini kasri ni vitu vya Unguja. Sisi wa Kitai, ambao barabara ya Lituhi inaanzia kwetu kuteremkia Ziwa Nyasa, tunajiona zaidi katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Huko alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, na huko akaiweka nyumba ya Zakaria na Regina katika riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ya mwaka 1971. Kitabu hiki kilizuiwa mashuleni kwa muda, maana kilisema waziwazi mambo ya wasichana. Baadaye kikaruhusiwa, na watoto wetu wengi wamekisoma kabla yetu.

Zakaria si mtu asiyejua kusoma. Alikuwa mwalimu, pombe ikamtoa kazini. Regina anadunduliza fedha za ada ya Rosa, baba anazichukua na kwenda kuzinywea. Hapo mwandishi hana haja ya kutueleza tabia ya mtu. Nyumba ambayo mama hana mahali salama pa kuweka fedha ya mtoto imekwisha kujieleza. Wangapi kwetu, msimu wa kahawa ukifika, wanafukia noti ndani ya mahindi?

Baba huyo huyo ndiye anayemlinda binti kwa fimbo. Rosa anapata barua ya mvulana, anapigwa vibaya. Hakuna anayekaa naye kumweleza mwili wake, wala mvulana ni nani, wala hatari ni ipi. Anajifunza jambo moja tu, kuogopa. Ndipo anakwenda shule ya bweni, ambako baba hayupo, na kwa kuwa mlinzi wake alikuwa fimbo, fimbo ikibaki Ukerewe hana mlinzi tena. Yanayofuata hadi kifo chake mnayajua, na asiyeyajua akisome mwenyewe.

Kuhusu Regina tunatofautiana na wasomaji wengi. Wanamsifu kwa uvumilivu. Ni kweli anaishikilia nyumba isianguke, na bila yeye watoto wangelala njaa. Lakini sisi tuliowahi kusafisha majeraha ya akina mama saa nane za usiku, huku wakisema wameteleza kisimani, hatuwezi kuupamba ukimya namna hiyo. Mabinti wanauona. Wanajifunza kwamba mwanamke mwema hasemi, na Rosa naye akipata shida hasemi.

Halafu kuna majirani. Kuta za tofali za udongo hazizuii sauti. Kijiji kinajua nani anapigwa na saa ngapi, na asubuhi tunasalimiana vizuri tu na kuulizana habari za shamba. Mtaa nao una tabia, kama mtu.

Mambo mengine yamebadilika tangu 1971. Binti wa leo anatoka kijijini akapange chumba karibu na shule, Mbinga mjini au Songea, na mabinti wenzake, jiko la mkaa moja, bila mtu mzima. Barua imekuwa simu. Anayempa simu hiyo mara nyingi ni mtu mwenye pikipiki na fedha ya chipsi.

Tulipokisoma kitabu hiki pamoja na akina mama wa jumuiya yetu, mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha wote: mwanangu akitumiwa maneno kama yale ya Rosa, ataniletea mimi niyaone, au atayafuta kwanza? Mwingine akasema angalau yeye anajua jibu la nyumbani kwake, na jibu ni kufuta. Akaomba kitabu akisome na binti yake likizo ya Desemba. Kipo kwake mpaka sasa, na wawili wanakisubiri.