Anayesahihisha naye asahihishwe

Wanafunzi wengi wa kitivo chetu wakichapa kazi kwa Kiswahili, kompyuta huwapigia mistari myekundu chini ya maneno, nao hutii. Neno lililopigwa mstari linafutwa, neno lililoachwa linabaki. Nimeyaona haya mara nyingi katika vyumba vya kuchapia kazi kando ya Boulevard de Libération, na hata humu chuoni: mtu aliyeongea Kiswahili tangu utoto anakubali kusahihishwa na programu asiyojua ilitengenezwa na nani, kwa maneno ya watu gani, na kwa kanuni zipi. Hoja yangu ni moja. Programu inayosahihisha lugha lazima iweze kuulizwa: umefikaje hapo? Ikijibu, sisi wanafunzi wa lugha ndio tunaopaswa kulipima jibu lake. Isiyoweza kuulizwa isitiiwe.

Wazo hili sikulipata katika vitabu vya isimu. Nimelipata kwa wenzetu wa informatiki, na ndiyo maana naomba msomaji anivumilie nieleze kidogo mambo yao.

Waandishi wa programu wana msahihishaji wao, anayeitwa kichanganuzi cha msimbo. Kazi yake ni kusoma msimbo bila kuuendesha na kuonyesha mahali penye hatari. Mmoja wa wale wa zamani ni lint, iliyoandikwa na Stephen Johnson katika maabara ya Bell Labs, Marekani, na kuelezwa mwaka 1978. Jina lake ni la vile vinyuzi vidogo vinavyoganda kwenye nguo. Siku hizi kinachotajwa sana ni Clang Static Analyzer, kinachosoma programu zilizoandikwa kwa lugha za C, C++ na Objective-C. Hicho hujaribu kufuata njia ambazo programu ingeweza kupita: sharti hili likiwa kweli tunaenda huku, lisipokuwa kweli tunaenda kule. Katika kila njia kinatazama kama kuna kitu kitakachovunjika.

Kazi hiyo si ya mchezo. Februari 2014 Apple ilitoa marekebisho ya haraka kwa simu zake kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa mara mbili. Mstari wa kwanza ulikuwa chini ya sharti. Wa pili haukuwa na sharti lolote, kwa hiyo ulitekelezwa kila mara, na hatua ya kuhakiki saini iliyofuata ikarukwa. Simu ikawa inakubali kuzungumza kwa siri na mtu ambaye haikumhakiki ipasavyo. Msomaji anayefuata njia moja baada ya nyingine angeona kwamba kuna mistari ambayo hakuna njia inayoifikia, na hahitaji kuiwasha simu ili alione hilo.

Lakini kichanganuzi nacho hukosea, na wanahisabati wamekwisha kuonyesha kwamba hakina budi. Mwaka 1953 Henry Gordon Rice alithibitisha kwamba hakuna programu inayoweza kujibu sawasawa, kwa kila programu nyingine, swali lolote la maana kuhusu tabia yake. Kwa hiyo mara nyingine kichanganuzi kitapiga kelele pasipo kosa, na mara nyingine kitanyamaza penye kosa. Watengenezaji wa Clang hawakulificha jambo hili. Ndani ya kichanganuzi chao wameweka vifaa ambavyo havitafuti makosa ya msimbo wa mtu. Vinatafuta makosa ya kichanganuzi chenyewe. Kimoja kinachora ramani ya njia jinsi kichanganuzi kilivyozielewa. Kingine kinaonyesha mtandao mzima wa hali ambazo kilipitia, hatua kwa hatua, ili uone ni wapi kilianza kupotea. Kuna pia swali fupi unaloweza kulipachika katikati ya msimbo: hapa ulipofika, unaamini kwamba namba hii ni kubwa kuliko ile? Majibu ni matatu: kweli, si kweli, sijui. Na kuna alama unayoweza kuiweka kwenye mstari ili kichanganuzi kikupe taarifa kikiufikia. Kikinyamaza, umejua kwamba kwa fikira zake mstari huo haufikiki.

Wazee husema mganga hajigangi. Waganga hawa wamekubali kupimwa na wengine, kwa vifaa walivyoviacha mlangoni wao wenyewe. Je, wasahihishaji wa Kiswahili wametuachia vifaa vya namna hiyo?

Baadhi yao ndiyo. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa njia ya kuchanganua maneno kwa ngazi mbili, ile ya umbo linaloandikwa na ile ya mofimu zilizo chini yake. Katika chuo hicho hicho Arvi Hurskainen aliitumia kwa Kiswahili, kazi aliyoianza katikati ya miaka ya 1980 na iliyozaa mfumo uitwao SALAMA. Mfumo wa aina hii hukupa neno pamoja na uchanganuzi wake wote: kiambishi hiki ni cha nafsi, hiki cha wakati, hiki cha mtendwa, na huu ndio mzizi. Ukiona umekosea, unajua ni kanuni ipi ya kurekebisha. Wasahihishaji wa tahajia walio katika kompyuta zetu ni tofauti. Mara nyingi wanachokupa ni mstari tu.

Tofauti hiyo ina uzito gani? Chukueni sentensi hii fupi: Wametupa dawa. Neno la kwanza lina njia mbili. Ya kwanza ni wa-me-tup-a: wamezitupa. Ya pili ni wa-me-tu-p-a: wametupatia. Herufi ni zile zile, na sarufi haikosei katika njia yoyote. Msahihishaji wa tahajia ataipitisha sentensi bila neno. Mashine ya kutafsiri itachagua njia moja na kukupa Kifaransa chake bila kukuambia kwamba njia ya pili ilikuwepo. Sisi wa Bunia, ambao wengi wetu husema "wametupatia", huenda tukaelekea kusikia kwamba dawa zimetupwa. Vivyo hivyo na "wamekula": wamekula chakula, au wamekula wewe?

Hapa kwetu hayo si maswali ya darasani tu. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini ukafika Ituri, na hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 walikuwa wameugua watu 3,470 na kufa 2,287. Wakati ule maelezo juu ya chanjo, mazishi na matibabu yalihitajika upesi katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa kimojawapo. Sisemi kwamba sentensi yangu ya mfano ilimdhuru mtu yeyote. Nasema kwamba katika mkoa ambamo tangazo la afya hutafsiriwa kwa haraka, mtu anayelipitisha anapaswa kuona njia zote mbili za neno "wametupa" kabla halijabandikwa ukutani. Chombo kinachozificha njia kinamnyima uwezo huo.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chetu. Orodha ya maneno ya Kiswahili inayotumika katika LibreOffice ina lebo ya Tanzania. Hilo si kosa. Kazi kubwa ya kwanza ya kukiingiza Kiswahili katika programu huria za ofisi ilifanyika huko, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo mwaka 2004. Tunawashukuru. Lakini Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake katika orodha ya kimataifa ya lugha, swc, na cha pwani kina wake, swh. Wenye orodha wanatambua kwamba kuna aina mbili. Mstari mwekundu hautambui.

Tazameni jinsi unavyofanya kazi. Andika "mutu", kama wengi wetu tunavyotamka. Orodha ya Kiswahili sanifu ina "mtu" tu, kwa hiyo mstari unatokea. Sasa andika "kitabu yangu", kama inavyosemwa kila siku sokoni. Hakuna mstari. Kwa nini? Kwa sababu msahihishaji anatazama neno moja moja: "kitabu" limo katika orodha, "yangu" limo, basi amemaliza. Upatanisho wa ngeli hauoni kabisa. Kwa hiyo chombo kile kile kinachomwadhibu mwanafunzi kwa irabu moja ya matamshi yake kinanyamaza mbele ya jambo ambalo profesa wa sarufi ataliwekea alama ya kosa. Mwanafunzi anayetii mstari anarekebisha dogo na kuacha kubwa, huku akiamini kwamba kazi yake imehakikiwa.

Kuna jambo baya zaidi. Orodha ya maneno haiwezi kubeba Kiswahili. Chukua kitenzi kimoja, kama "penda", chenye nafsi 6 za mtenda, nyakati 4 za na, li, ta na me, na nafsi 6 za mtendwa. Hayo peke yake yanakaribia maumbo 144, kabla ya kuondoa yasiyotumika, na bado hujafika kwenye ngeli nyingine, ukanushi, "pendwa", "pendana" na "pendeza". Kwa hiyo neno zuri kabisa laweza kupigwa mstari kwa sababu tu hakuna aliyeliingiza. Jibu la kweli la programu mahali hapo lingekuwa "sijui". Lakini haina jibu hilo. Ina mawili tu, limo au halimo, na sisi tunalisoma la pili kama "si sahihi". Clang, kinachosoma msimbo wa programu, kina adabu ya kusema sijui. Kinachosoma lugha ya mama zetu hakina.

Nayajua majibu nitakayopewa. La kwanza: Kiswahili sanifu kinahitajika, na mtihani hauandikwi kwa lugha ya soko. Nakubali. Katiba ya 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tunakihitaji kile kinachoeleweka Kampala na Dodoma. Ndiyo sababu nimelalamika kwamba "kitabu yangu" inapita. Anayetaka kujifunza sanifu anahitaji msahihishaji anayeeleza kanuni, si anayepiga mstari na kunyamaza.

La pili: sisi si watu wa informatiki. Lakini ule mchoro wa njia, na mti wa sentensi ambao vichanganuzi vingi huujenga kwanza, vinafanana na miti tunayochora ubaoni katika somo la sintaksia. Mtu wa informatiki anaweza kuifanya mashine ionyeshe mti wake. Kusema kwamba tawi la "-tu-" limewekwa pasipofaa ni kazi yetu. Sijaona ni nani mwingine hapa Bunia aliyefundishwa kazi hiyo.

La tatu ndilo gumu: mashine mpya hazitumii kanuni tena, zimejifunza kutoka kwa maandishi mengi, na hazina mti wa kuonyesha. Basi zipimwe kwa njia ile ya swali lililopachikwa. Hatuwezi kuona ndani, lakini tunaweza kuandaa sentensi ambazo jibu lake tunalijua na kutazama mashine inajibu nini. Na kama maandishi iliyojifunza hayana Kiswahili cha Ituri, majibu yake yataonyesha hivyo mapema.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kitivo chetu kianze daftari la sentensi za kupimia. Kila sentensi iwe na uchanganuzi wake na alama moja kati ya tatu: sahihi katika sanifu, sahihi katika Kiswahili cha Bunia, kosa katika vyote viwili. Zikiwa na utata kama "wametupa", njia zote ziandikwe. Kazi hii haihitaji intaneti wala umeme wa saa nyingi. Inahitaji kalamu na ubishi mzuri baada ya somo. Wako watafiti wa nje, kama Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal, waliokwisha kuandika juu ya Kiswahili cha Bunia. Itakuwa aibu sisi tunaokizungumza tusiwe na hata daftari. Pili, kazi za kumaliza masomo zikubali mada ya aina hii: kuchukua msahihishaji mmoja, kumpitisha katika daftari, na kueleza anakosea wapi na kwa kanuni gani. Mwenzetu wa informatiki asaidie upande wake, sisi upande wetu.

Tuanze na sentensi 100. Nyumbani kila mmoja wetu anazo kumi za mama yake na majirani zake, na anajua zinamaanisha nini. Hilo ndilo jambo ambalo mashine haina na haliwezi kununuliwa Kampala. Daftari likijaa, tutaweza kumwambia anayetengeneza programu: hapa umekosea, na sababu ni hii.