Sakafu Inayovunja Wazee

Minada ya korosho ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ikifunguliwa Oktoba, kinachofuata tunakijua wote. Fedha zinaingia, na hata madeni ya pembejeo hayajaisha kulipwa, maboksi ya marumaru yanashushwa Nachingwea, yanashushwa Ruangwa. Ndugu msomaji, umelala?

Tazama unachokitandaza! Marumaru laini, zinazoteleza hata zikiwa kavu, unaziweka barazani, jikoni, hadi bafuni. Desemba mvua inashuka. Watoto wanaingia na miguu ya tope jekundu. Bibi anatoka kutawadha, kandambili zimelika soli.

Akianguka, nani atamwinua?

Nyonga ya mzee ikivunjika haiungi kwa kuchuliwa mafuta. Ni rufaa, ni nauli, ni kitanda cha hospitali, ni mtu wa kumuuguza usiku na mchana. Ndipo mikorosho inapowekwa rehani, ileile iliyonunua marumaru. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Anayevunjikia zizini akimbilie wapi?

Na kinu utakiweka wapi ukitaka kutwanga? Fundi mwenye haraka hupachika udongo wa saruji kwenye pembe nne, katikati akaacha wazi. Gonga uone: panalia tupu. Mchi ukishuka mara mbili, ufa. Unarudi dukani, rangi ile haipo tena, toleo limebadilika. Sasa sebule ina kiraka, nawe una aibu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sakafu ya saruji iliyopigwa niru tumeidharau. Kwa nini? Ikipasuka unaiziba kwa kopo la saruji. Kinu inakibeba. Lakini jirani kaweka marumaru, basi nasi tuweke, hata kama nyumba haina dari wala tangi la kuvunia maji ya mvua!

Simkatazi mtu marumaru. Nakataa kununua kwa macho. Zipo zenye uso wa kukwaruza, na zipo zilizopimwa utelezi, kuanzia R9 hadi R13. Namba ikipanda, mguu unashika zaidi. Umewahi kumuuliza muuzaji? Au ulimuuliza bei tu?

Msimu huu nenda dukani na chupa ya maji. Omba kipande kimoja, kilaze chini, kimwagie, vua viatu, ukikanyage. Mguu ukikwepa, rudisha hela mfukoni.