Rinda Lililopungua

Leo sina mtindo mpya wa gauni, ingawa cherehani imo humu tangu mwanzo.

Tukikaa dukani kwangu hapa Korogwe, mazungumzo huishia kwenye rushwa. Trafiki mla rushwa, karani mla rushwa, mwenyekiti mla rushwa. Wema ni sisi tuliokaa kwenye benchi. Nami nilikuwa naitikia huku nakanyaga pedeli, mpaka siku aliponijia mama mmoja kutoka Handeni.

Miaka mitatu iliyopita nilipata oda ya sare, sketi 60, kwa shule moja ya upande huo. Sitaitaja. Aliyekuwa akigawa oda aliniambia, "Dada, tukumbukane basi." Neno rushwa halikutajwa na mtu. Nikampa shilingi 120,000, yaani 2,000 kwa kila sketi, na nikajiona mjanja kwa kuwa fundi mwenzangu aliahidi pungufu. Lakini fedha ile ingerudi vipi, na bei imeshapangwa? Nikapunguza marinda. Pindo nikaliacha jembamba kama ukucha, mshono wa kupitisha mara mbili nikaupitisha mara moja. Mwezi wa tatu mama yule akapanda gari mpaka Korogwe na sketi ya bintiye mfukoni, imefumuka ubavu mzima. Mtoto alirudi nyumbani kajifunga sweta kiunoni. Hakunitukana. Aliigeuza ndani nje, akaniuliza, "Fundi, kitambaa kingine kilikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimshonea nyingine bure, lakini zilibaki 59.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji kama mpokeaji. Na tangu madrasa tunafundishwa kuwa laana ya Mtume inawafika wote wawili. Namba ya bure ya TAKUKURU, 113, naijua kwa kichwa. Siku ile ningepiga niseme nini, kwamba nimenunua oda?

Simlaumu mama mwenye uchungu wa kujifungua anayeambiwa atoe cha kununulia glavu. Yule kashikwa koo. Mimi sikushikwa koo. Nilitaka kumpita mwenzangu, na nadhani wengi wetu ndivyo tulivyo, tunaita shida kitu ambacho ni tamaa tu.

Angalia kanga za uchaguzi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile. Kanga hazikukoma. Najua kwa sababu huletwa kwangu nizikate na kuzipinda, na mwenye nayo hucheka akiniambia kura yake ni siri. Sawa, ni siri. Halafu miaka mitano analalamika diwani haonekani.

Au vitambaa. Ukienda kununua jora unaulizwa, "Na risiti au bila?" Bila ni nafuu, kwa hiyo bila. Kodi ya ongezeko la thamani tunagawana na mwenye duka, kisha jioni tunauliza kwa nini zahanati haina dawa.

Januari iliyofuata yule bwana alinipigia tena. Nikamwambia nitashona kwa bei ileile, marinda yote, ila cha kukumbukana sina. Akasema, "Haya dada, kazi njema." Oda ikaenda kwingine, na mume wangu hakufurahi, kwa sababu ndiyo ingelipa kodi ya fremu ya miezi sita. Tuligombana siku mbili. Kodi nililipa kwa kuuza cherehani ya kudarizi.

Sasa wazazi huja mmoja mmoja. Mwaka huu wamefika 23, na yule mama wa Handeni kaja na wadogo wawili wa binti yake. Bado huzigeuza sketi ndani nje kabla hajalipa.