Daftari la Mwalimu wa Jiografia

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwaachia wafanyabiashara. Leo naielekeza kwa walimu wa Jiografia, nami ni mmoja wao kwa kazi, kama nilivyo mshairi kwa mapenzi.

Hoja yangu ni fupi. Mwalimu wa Jiografia na awe na mazoea ya kuandika kila juma, kwa Kiswahili, habari za nchi anayoifundisha na namna anavyoifundisha. Sisemi juu ya azimio la kazi wala andalio la somo, kwani hayo huandikwa yapate kukaguliwa. Nasema juu ya maandishi ambayo mwalimu humwandikia mwalimu mwenzake, na yule atakayeshika chaki baada yake.

Nawaletea wapenzi wa lugha jambo hili kwa sababu Jiografia ya Waswahili imo ndani ya maneno yao. Tazameni pande nne za dunia. Mashariki na magharibi tumezipokea kutoka Kiarabu, nazo zatokana na kuchomoza na kuchwa kwa jua. Lakini kaskazini ni kunakotoka kaskazi, na kusini ni kunakotoka kusi. Basi dira yetu imeundwa kwa jua na upepo. Aliyezipa pande hizo majina alikuwa mtu wa pwani, ajuaye kwamba kuanzia mwezi wa Desemba, bara Asia likiwa limepoa na kusini kukiwa na joto, upepo huvuma kutoka huko ukileta majahazi. Na kwamba baada ya Machi hugeuka, kusi ikashika zamu na kuyarudisha makwao.

Sasa mfikirieni mwanafunzi wa Tanzania. Katika shule nyingi za msingi hujifunza kwa Kiswahili. Afikapo kidato cha kwanza, somo la Jiografia humgeukia Kiingereza. Hapo hukutana na neno “monsoon” akalikariri kama mgeni asiyemjua. Laiti angeambiwa kwamba neno hilo limetokana na lile lile la Kiarabu lililotupa sisi “msimu”! Mgeni huyo ni ndugu yake wa damu. Mwalimu aliyegundua njia ya kuwakutanisha ndugu hao darasani, asipoiandika, huondoka nayo siku ya kustaafu. Mwalimu mpya huanza upya, kana kwamba hakuna aliyemtangulia.

Hasara haiishii kwenye maneno. Vitabu hufundisha kwamba vimbunga vya baharini ni nadra karibu na ikweta, kwa kuwa huko nguvu ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo uzunguke ni dhaifu. Ni kweli. Hata hivyo, Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangamiza mikarafuu, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Septemba 10, 2016 ardhi ilitetemeka Bukoba. Desemba 3, 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh. Kila mahali hapo palikuwa na mwalimu wa Jiografia. Yeye ndiye aliyeweza kuona kwa jicho la taaluma na kueleza kwa ulimi wa wenyeji: mto ulikuwaje siku zilizotangulia, wazee waliuitaje mtikisiko ule, watoto waliuliza nini waliporudi darasani. Habari kama hizo zisipoandikwa mapema, kumbukumbu huzichanganya.

Wala Kiswahili si kichanga katika kazi hii. Kitabu Safari za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901, kimehifadhi habari za Salim bin Abakari, aliyefika Urusi hadi Siberia. Ilimbidi aieleze kwa Kiswahili nchi isiyo na mnazi wala mkoko, naye hakungoja istilahi zisanifiwe kwanza. Ikiwa lugha yetu iliweza kuibeba Siberia, itashindwaje na bonde la Rufiji?

Najua nitakalojibiwa. Madarasa yamefurika, madaftari ya kusahihisha yamerundikana, na mtihani wenyewe hauulizi neno bamvua wala mchoo. Yote ni kweli, na siungi mkono agizo lolote la kumlazimisha mwalimu kuandika. Kuandika kukigeuka amri, tutapata kurasa zilizonakiliwa. Lakini nusu ukurasa kwa juma haumvunji mtu mgongo. Haba na haba hujaza kibaba. Ama kuhusu mtihani, aliyeelewa kwa lugha yake kwa nini maji hujaa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ana jambo la kueleza hata kwa lugha ya kigeni. Asiyeelewa hana ila kukariri.

Aandike nini, basi? Mambo matatu yatosha. Kwanza, swali la mwanafunzi lililomshinda kulijibu papo hapo, na jibu alilolipata baadaye. Pili, nchi ilivyofanya juma hilo: mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha lini, kijito kilikauka lini, upepo uligeuka lini. Tatu, neno moja la mahali pale, pamoja na maana yake kamili kwa wanaolitumia.

Hilo la tatu ndilo litakalotufaa sisi malenga. Tunaimba kusi na kaskazi, matlai na umande, huku wengi wetu tumeyaokota maneno hayo kamusini, wala hatujui pepo hizo huvuma saa ngapi na kutoka wapi. Mshairi asiyejua bamvua na maji mafu vinavyotofautiana ataipweleza ngalawa yake katikati ya ubeti. Mwalimu akituandikia, nasi tutatunga kwa kujua. Tukitunga kwa kujua, maneno yatarudi vinywani mwa watoto, na kutoka huko yatarudi darasani.

Walimu wenzangu, nchi hubadilika na wajuao huondoka. Fungueni daftari juma hili, muandike tarehe na upepo unavuma kutoka wapi.