Umoja Haupimwi kwa Kupeana Mikono

Mara mbili tumeambiwa kwamba taifa letu lililogawanyika limeungana tena. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba mbele ya Kofi Annan. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila wakapeana mikono. Mara zote mbili Kisumu ilishusha pumzi, na ilikuwa haki yake, kwa kuwa damu ilikoma kumwagika. Lakini je, tuliungana?

Wataalamu wa elimu ya jamii hawawaulizi viongozi swali hilo, huwauliza raia. Watafiti wa Afrobarometer hubisha hodi nyumbani na kuuliza: Je, ungependa jirani wa kabila jingine? Wajihisi Mkenya zaidi, au mtu wa kabila lako? Wawaamini polisi na mahakama? Hata Ujerumani, iliyoungana kisheria tarehe 3 Oktoba 1990, ingali inapimwa kwa mishahara, mali na imani ya watu wa mashariki na magharibi. Sheria huunganisha nchi kwa siku moja. Mioyo hudai miaka mingi.

Na tujipime basi. Mfanyabiashara aliyefukuzwa mjini mwetu mapema mwaka 2008 kwa sababu ya kabila lake, je, amerudi Kibuye? Na kama amerudi, hulala usingizi uchaguzi unapokaribia? Hapo lawama ni yetu wenyewe.

Serikali nayo ina deni lake. Tume ya Jaji Waki ilionyesha kwamba wengi wa waliouawa Kisumu katika ghasia zile walikufa kwa risasi. Tarehe 25 Oktoba 1969 risasi zilimiminwa juu ya umati siku Jomo Kenyatta alipofungua hospitali tuiitayo Russia. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Miaka ikapita bila Bunge kuipitisha.

Kanisa hutufundisha kwamba ungamo hutangulia ondoleo. Kwa hiyo tunasema: wanaharakati, idaini ripoti hiyo bila kuchoka. Waumini, watafuteni majirani waliohama, muwaombe radhi, muwakaribishe. Kidonda kilichofungwa bila kuoshwa huoza ndani, hata kama kitambaa chake ni cheupe.