Mitishamba na Ukimwi: safari ndefu kutoka maabara hadi kwa mgonjwa

Kila inapotangazwa kwamba mmea fulani umeua virusi vya Ukimwi katika maabara, matumaini ya wagonjwa hupanda haraka kuliko ushahidi. Afrika Mashariki inalifahamu vyema jambo hilo.

Mwaka 2011 barabara iendayo kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ilijaa magari kwa kilomita nyingi. Maelfu ya watu, wakiwemo waliovuka mpaka kutoka Kenya, walimwendea mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyetoa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Ilisemekana kuwa kikombe hicho kinatibu Ukimwi, kisukari na saratani. Wapo waliofia kwenye foleni.

Uchunguzi wa awali wa serikali ulieleza kwamba kinywaji hicho hakikuwa na madhara. Wengi walilichukua hilo kuwa uthibitisho wa tiba. Lakini kutodhuru ni jambo moja, na kuponya ni jambo jingine.

Maabara hupima nini?

Wataalamu huloweka mizizi, majani au magome katika maji au spiriti, kisha dawa iliyopatikana hutiwa kwenye seli za binadamu zilizoambukizwa virusi. Maswali huwa mawili: ni kiasi gani kinachozuia virusi kuzaliana, na ni kiasi gani kinachoua seli zenyewe? Iwapo viwango hivyo viwili vinakaribiana, dawa hiyo ni sumu tu.

Aidha, mimea mingi ina tanini, ile inayokausha ulimi mtu anapokunywa chai kali. Tanini hushikamana na protini za aina nyingi, hivyo mmea unaweza kuonekana una nguvu dhidi ya virusi ilhali hauna faida yoyote mwilini.

Hata mimea iliyofaulu hatua hiyo imekwama mbele ya safari. Mwaka 1992 wanasayansi wa Marekani walitangaza kiini kiitwacho calanolide A, kilichotokana na mti wa msitu wa Sarawak, Malaysia. Kilifikia hatua ya kujaribiwa kwa binadamu, lakini hadi leo hakijaidhinishwa kuwa dawa. Kiini kingine, michellamine B, kutoka mmea utambaao wa msitu wa Korup nchini Cameroon, kiliachwa kwa sababu kiwango cha kutibu kilikuwa karibu mno na kiwango cha kudhuru.

Siasa zinapotangulia

Hatari huwa kubwa zaidi pale wanasiasa wanaporuka hatua hizo zote. Mwaka 2007, rais wa Gambia wakati huo, Yahya Jammeh, alitangaza kuwa anaponya Ukimwi kwa mitishamba, na wagonjwa wake wakatakiwa kuacha dawa za kurefusha maisha. Mwaka 2018, baada ya Jammeh kuondoka madarakani, baadhi ya walionusurika walimfungulia mashitaka.

Kuchanganya dawa nako kuna hatari zake. Utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu mimea miwili inayotumiwa sana Afrika Kusini ulionyesha kuwa inaweza kuvuruga namna ini linavyoshughulikia dawa za kurefusha maisha.

Haya yote hayamaanishi kwamba mitishamba ipuuzwe. Dawa ya malaria ya artemisinin ilitokana na mmea wa tiba ya jadi ya Kichina, na mwaka 2015 ilimpatia Tu Youyou tuzo ya Nobel. Tanzania ina Taasisi ya Tiba Asilia katika chuo kikuu cha Muhimbili, na sheria ya tiba asilia ya mwaka 2002 inawatambua waganga.

Linalokosekana mara nyingi ni uaminifu wa pande zote. Mtafiti anapaswa kueleza bayana kwamba alichokiona ni hatua ya kwanza tu. Mganga naye hana budi kukubali dawa yake ipimwe, huku haki yake juu ya ujuzi huo ikilindwa. Daktari amuulize mgonjwa bila kumkemea anatumia mitishamba gani, kwani mgonjwa anayeogopa kukaripiwa hunyamaza, na pengine huacha vidonge vyake pasipo mtu kujua.